Kabla Hujavuta Intaneti Nyumbani: Mambo ya Kuzingatia

Swali la kwanza ni huduma gani hasa inafika kwenye nyumba yako. Nyumba, si mtaa. Faiba, yaani waya wa nyuzi za kioo unaopitisha data kwa mwanga, yaweza kupita barabarani na bado ukaikosa, kwa sababu kisanduku cha kugawia laini kimejaa au kiko mbali mno. Usilipe chochote kabla fundi hajaja kukagua. Kama umepanga, omba mapema ruhusa ya mwenye nyumba ya kutoboa ukuta na kupitisha waya.

Faiba ikipatikana, ichukue. Waya wa simu wa shaba hupoteza kasi kadiri nyumba inavyokuwa mbali na kituo, na intaneti ya mnara hugawanywa kwa wote wanaoutumia mnara huo, ndiyo maana huweza kuwa nzuri alfajiri na kuzorota usiku. Setilaiti huwaokoa walio mbali, ila uliza iko juu kiasi gani. Zile zinazokaa kilomita 35,786 juu ya ikweta huchelewesha kila jibu kwa nusu sekunde hivi au zaidi, hata kasi ikiwa kubwa. Kwenye kikao cha video mtaishia kukatizana maneno. Zinazozunguka chini, kama kilomita 550, hujibu kwa makumi machache ya milisekunde, lakini dishi lake linataka anga wazi: mti mmoja ulioliziba unatosha kuleta kukatikakatika.

Kisha kasi. Mbps ni megabiti kwa sekunde, ilhali faili hupimwa kwa megabaiti. Gawa kwa 8. Kifurushi cha 100 Mbps hushusha megabaiti 12.5 kwa sekunde, kwa hiyo faili la gigabaiti 1 huchukua sekunde 80 hivi mambo yakienda sawa. Video ya HD hutaka kama 5 Mbps, ya 4K kati ya 15 na 25. Jumlisha vinavyotumika kwa wakati mmoja, si idadi ya simu zilizomo ndani: runinga moja ya 4K, simu mbili zinazoonyesha HD na kikao kimoja cha video havifiki 50 Mbps. Wengi hununua kasi wasiyoihitaji, huku kasi ya kupakia hawaiulizi kabisa. Nayo ndiyo inayobeba sura yako kikaoni, picha unazohifadhi mtandaoni na kamera za ulinzi. Kuna vifurushi vya kushusha 100 na kupakia 10 tu.

“Bila kikomo” lisikutulize. Tafuta kwenye mkataba kipengele cha matumizi ya haki: kasi hupunguzwa baada ya gigabaiti ngapi, na hushuka hadi ngapi? Video ya 5 Mbps hula gigabaiti 2.25 kwa saa. Saa 3 kila siku, mwezi unakwisha na gigabaiti 200 zimeliwa na runinga moja. Hapo hapo soma ada ya kuunganishiwa, bei baada ya ofa kwisha, na ruta (kifaa kinachosambaza intaneti ndani ya nyumba) inabaki ya nani ukihama.

Matatizo mengi anayolaumiwa mtoa huduma yamo ndani ya nyumba. Fundi akiachiwa, ruta ataiweka pale waya unapoingilia, mara nyingi konani nyuma ya runinga. Mwambie mapema iwe katikati ya nyumba na juu. Masafa ya Wi-Fi ya GHz 2.4 hupenya kuta vizuri zaidi lakini ni ya polepole. Ya GHz 5 yana kasi, ila ukuta wa zege huyadhoofisha. Angalia na matundu ya ruta ya kuchomekea waya: yakiwa ya 100 Mbps, kompyuta ya waya haitaiona kasi ya kifurushi cha 300. Kabla fundi hajaondoka, pima kasi kwa waya, kisha urudie kati ya saa mbili na saa nne usiku.

Umeme ukikatika mara kwa mara, nunua betri ya akiba. Faiba mara nyingi huwa na vifaa viwili, kinachopokea mwanga na ruta. Kimoja kikizima, kingine hakina kazi. Soma volti na ampea kwenye lebo ya kila kimoja: vingi hutumia volti 12, vingine 9 au 5, na volti iliyozidi hukiunguza kifaa.