Kwenda kuwaona farasi weupe wa Vienna: anza na kalenda yao, hoteli baadaye

Watu wengi wakipanga safari ya Vienna wanaanza na ndege, halafu hoteli, halafu ndo wanakumbuka "aah, kuna ile shule ya farasi weupe wanaoruka, tutapita siku mojawapo". Nami nilifanya hivyohivyo. Nilifika katikati ya wiki, nikakata tiketi ya asubuhi, nikakaa zangu nasubiri farasi waruke. Wakazunguka. Wakazunguka tena. Hakuna aliyeruka. Mama mmoja pembeni yangu aliwabeba wanawe wawili akaondoka baada ya dakika ishirini hivi, na mi nilitamani kumfuata ila nilishalipa. Kosa lilikuwa langu, sikusoma nilichonunua.

Kwa hiyo anza hapo. Jina lake ni Spanische Hofreitschule, wengi tunasema Shule ya Kihispania ya Upandaji Farasi, na iko ndani kabisa ya jumba la kifalme la Hofburg pale Michaelerplatz. Usidanganywe na hilo neno Hispania, hii ni Austria mwanzo mwisho, jina linatokana na asili ya farasi ambao ukoo wa Habsburg, watawala wa Austria wakati huo, uliwaleta kutoka Hispania karne ya 16. Nyaraka zinataja uwanja wa kupandia farasi pale tangu 1565.

Pana vitu vitatu unavyoweza kununua na kila kimoja ni siku tofauti kabisa na kingine. Kuna mazoezi ya asubuhi, yanaitwa Morgenarbeit, kwa kawaida ni katikati ya wiki kuanzia 10:00. Kuna onyesho lenyewe, mara nyingi ni Jumamosi na Jumapili, 11:00. Na kuna ziara ya kuongozwa inayokupeleka mpaka kwenye mabanda. Tena angalizo kwa sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili, tiketi ikisema 11:00 hiyo ni saa tano asubuhi, usije ukatokea jioni na shati lako la pasi ukakuta mlango umefungwa. Siku zinabadilika kwa msimu, fungua kalenda kwenye tovuti yao rasmi, weka alama tarehe zenye onyesho, halafu ndo utafute ndege. Anayehitaji viza ya Schengen ajue ombi linaweza kupelekwa mapema hadi miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla, asisubiri dakika za majeruhi.

Kiangazi kuwa makini zaidi. Hawa farasi wanaenda likizo, sitanii, wanapelekwa Heldenberg huko Austria ya Chini kupumzika na kutembezwa msituni, kwa hiyo Julai na Agosti ratiba inapungua na ukienda kichwakichwa unaweza kuambulia jengo tu.

Sasa uchague nini? Kama pesa inaruhusu kimoja tu na hujawahi kuwaona, chukua onyesho. Hapo ndo utaona kila kitu kwa mpangilio: farasi vijana ambao bado wana rangi ya kijivu, kisha wakubwa na hatua ngumu, kisha wale wanaoongozwa kwa hatamu ndefu huku mtu anatembea nyuma kwa miguu, kisha miruko, na mwishoni kundi zima linapishana kwa mistari kama watu wanaocheza dansi. Ni zaidi kidogo ya saa moja. Kwenye miruko tazama vitu vitatu. Levade, farasi anakunja miguu ya nyuma anakaa kama anataka kuchuchumaa, ya mbele anaikunja kifuani, anabaki hivyohivyo hewani sekunde chache, na huo utulivu ndo mgumu kuliko kuruka kwenyewe. Courbette, anasimama kwa miguu ya nyuma anarukaruka mbele bila kugusa chini na ya mbele. Capriole ndo ile ya kwenye mabango, anapaa mzimamzima, halafu akiwa juu anapiga teke la nyuma. Sio kila farasi anaweza, wanaangalia kipaji cha kila mmoja, hawalazimishi.

Mazoezi ya asubuhi ni kitu kingine. Ni kazini. Muziki unapigwa, farasi kadhaa wako uwanjani kwa pamoja, kila mmoja na somo lake, hakuna mtangazaji wa kukueleza nini kinaendelea. Ukiingia ukijua hivyo utafurahi kuliko hata onyesho, mi mara ya pili nilienda hukohuko kwa makusudi. Chagua farasi mmoja umfuate, usiangalie wote. Mimi nilimfuata mmoja aliyekuwa anagoma kubadilisha mguu kwenye kona, kila akifika palepale anakosea, na mpanda farasi hakumpiga wala kumfokea, alimrudisha mwendo wa kawaida, akazunguka naye, akarudia, akarudia tena. Mara ya sita au ya saba hivi ikakubali. Yule jamaa akapeleka mkono nyuma kwenye mkia wa koti lake, akatoa kitu, akainama akamlisha. Baadaye ndo nikajua, yale makoti ya kahawia yana mfuko wa siri kwenye mkia, wa sukari. Nguo nzima inaonekana ya kifalme, kofia ya pembe mbili, suruali nyeupe, buti ndefu nyeusi, kumbe nyuma kuna kifuko cha sukari!

Na usishangae wakiingia wanavua kofia. Sio nyinyi mnaosalimiwa. Ukutani kuna picha ya Kaizari Karl VI, yeye ndo aliyeagiza ukumbi ule ujengwe, ulijengwa 1729 mpaka 1735, fundi wake ni Joseph Emanuel Fischer von Erlach, na mpaka leo kila mpanda farasi akiingia anamwamkia mwenye nyumba. Ukumbi wenyewe mweupe wote, una nguzo 46, urefu mita 55 na upana 18, taa kubwa za kioo juu, mchanga chini. Ungeambiwa ni ukumbi wa harusi ungekubali. Bunge la kwanza la Austria lilikaa humohumo 1848.

Hizo nguzo 46 ndo zinanileta kwenye viti, na hapa ndo watu wanapoteza hela. Nguzo nzuri kwenye picha, mbaya ikiwa mbele ya pua yako. Kwenye onyesho tiketi zina sehemu zake, kuna chini karibu na mchanga, kuna roshani ya kwanza, roshani ya pili, na sehemu za kusimama ambazo ndo bei nafuu. Maoni yangu, safu ya mbele ya roshani ya kwanza inashinda hata viti vya chini vya bei ghali, kwa sababu lile dansi la mwisho ni mchoro, na mchoro unauona ukiwa juu. Chini unapata kingine, unasikia farasi anavyopumua, unasikia ngozi ya tandiko ikilia, ila mistari huioni. Safu za nyuma za roshani ya juu unanyoosha shingo muda wote, hapo bora ununue ya kusimama ukijua umesimama, kuliko kulipia kiti halafu usimame vilevile. Mazoezi ya asubuhi hayana namba za viti, anayewahi ndo anayekaa vizuri, fika nusu saa kabla.

Tiketi nunua kwao wenyewe. Katikati ya mji utakutana na vijana wamevaa mawigi na makoti kama Mozart wanauza tiketi za matamasha ya muziki, hao wana biashara yao, ukitaka farasi pita.

Simu weka mfukoni. Farasi wakiwa uwanjani kupiga picha na video hakuruhusiwi na wahudumu wanafuatilia kweli, nimemwona mzee mzima anaoneshwa kidole kama mwanafunzi. Mwanzoni inaudhi, baada ya dakika kumi unagundua ukumbi mzima unatazama kwa macho na unasikia kwato. Kwenye mavazi hakuna sharti kubwa, nguo safi ya heshima inatosha. Mtoto wa chini ya miaka 3 kwenye onyesho haruhusiwi, na hata wakubwa kidogo kama hawawezi kukaa kimya saa nzima wapelekeni ziara ya mabanda, huko ndo watafurahi.

Ziara hiyo mi naipenda sana, na kama una siku mbili changanya, mazoezi asubuhi halafu ziara. Mabanda yako Stallburg, jengo la karne ya 16 lenye ua na roshani za matao ghorofa tatu, farasi wanakaa chini. Utaona vibao vya majina, na kila farasi ana majina mawili: la kwanza la ukoo wa baba, la pili la mama yake. Koo za baba ziko sita, Pluto, Conversano, Neapolitano, Favory, Maestoso na Siglavy, kwa hiyo hayo utayaona yanajirudia mlango kwa mlango. Usipeleke mkono, ni madume wote na wanauma. Ni wadogo kuliko unavyodhani, begani karibu sentimita 155 hivi, ila shingo na kifua vimejaa ndo maana kwenye mabango wanaonekana majitu.

Tafuta wa kahawia. Hawa farasi, aina yao inaitwa Lipizzaner, huzaliwa weusi au wa kahawia, weupe unakuja taratibu, kawaida kati ya miaka 6 na 10. Mmojammoja habadiliki kabisa, anabaki kahawia maisha yake yote, na desturi yao ni kwamba lazima awepo angalau mmoja bandani kwa ajili ya bahati. Muulize anayewaongoza yuko wapi, atakuonesha huku anacheka.

Muulize pia kuhusu wanafunzi. Kijana anayeanza anapandishwa juu ya farasi mzee aliyehitimu, bila kukanyaga vikuku vya tandiko, mwalimu ameshika kamba ndefu anamzungusha, miezi na miezi ni kutafuta tu jinsi ya kukaa. Yaani farasi ndo mwalimu. Mpaka aitwe mpanda farasi kamili inaweza kufika miaka 10. Wasichana walikubaliwa kuanza mafunzo hayo 2008 tu, taasisi ina zaidi ya karne nne, piga hesabu.

Ukiwa na hamu ya historia, ya kuuliza ni 1945, Vita vya Pili vya Dunia vikielekea mwisho. Mkuu wa shule wakati ule, Alois Podhajsky, ambaye mwenyewe alipata medali ya shaba Olimpiki ya 1936, aliwahamisha madume kutoka Vienna hadi St. Martin huko Austria ya Juu, huku majike wakiwa wamepelekwa Hostau, Czechoslovakia. Mwezi Mei akafanya onyesho mbele ya Jenerali Patton wa Marekani akaomba shule ilindwe, na majike waliokolewa na wanajeshi wa Marekani. Shule ilirudi Vienna 1955. Halafu usiku wa Novemba 1992 Hofburg ikashika moto jirani kabisa na ukumbi, farasi wakatolewa mbio hadi bustani ya Volksgarten, na waliosaidia kuwashika hatamu walikuwemo wapita njia tu waliokuwa wanaenda zao.

Kufika ni rahisi. Kutoka uwanja wa ndege panda treni ya S7 mpaka kituo cha Wien Mitte, kuna ile ya haraka ya CAT lakini bei yake imesimama na S7 inafika palepale, kisha treni ya chini U3, kituo cha tatu ni Herrengasse, unatembea dakika chache unaliona kuba la kijani la Michaelerplatz.

Bajeti ikikaba kabisa, au ukikuta tiketi zimeisha, usiondoke hivihivi. Kati ya Stallburg na ukumbi kuna barabara, na farasi hawana njia nyingine, lazima waivuke. Siku za mazoezi simama pale Reitschulgasse asubuhi kabla ya saa nne. Wanatoka wakiongozwa, watu na magari wanasubiri, unasikia kwato kwenye mawe kabla hujawaona, wanapita karibu yako kabisa. Hiyo ni bure na pale nje simu unaruhusiwa kuitoa.

Na ukiwa na siku ya ziada, watoto wao wako Piber, kule Styria, shamba la kuzalishia lililoko karibu na mji wa Köflach. Unaenda Graz kwa treni, kutoka Graz kuna treni ya Köflach, karibu saa moja. Nenda majira ya kuchipua. Utakuta mama mweupe pee na pembeni yake kitu cheusi chenye miguu mirefu kinakimbia shoti bila sababu, kinajikwaa, kinaamka, kinakimbia tena.