Kuendesha Kompyuta Pepe Bila Kuielemea Kompyuta Yako

Kompyuta pepe ni kompyuta kamili inayoishi ndani ya nyingine: ina diski, kumbukumbu, kadi ya mtandao na mfumo endeshi wake, ingawa vyote hivyo vimeazimwa kutoka kwenye mashine moja iliyo mezani. Mashine hiyo huitwa mwenyeji, na mfumo unaoendeshwa ndani yake huitwa mgeni. Matatizo mengi niliyoyaona yalianza pale mwenyeji alipotoa zaidi ya alichoweza kukosa.

Kwanza ikague prosesa. Intel na AMD zilianza kuweka uwezo wa kuendesha kompyuta pepe (virtualization) katika prosesa zao mwaka 2005 na 2006, lakini kompyuta nyingi huuzwa ukiwa umezimwa. Katika Windows, fungua Task Manager, ingia Performance, kisha CPU, utazame mstari wa Virtualization. Ukisomeka Disabled, washa kompyuta upya, ingia katika BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta, kwa kitufe ambacho mara nyingi ni F2 au Delete, uwashe kipengele cha Intel Virtualization Technology au, kwa AMD, SVM Mode. Katika Linux, amri ya lscpu itakuonyesha kama prosesa ina VT-x (jina la uwezo huo kwa Intel) au AMD-V (kwa AMD). Mwenye Mac ya M1 au ya baadaye atafute mfumo mgeni uliotengenezwa kwa ajili ya ARM, aina ya prosesa iliyomo katika Mac hizo.

Kuhusu programu ya kuendeshea kompyuta pepe, VirtualBox inamtosha anayeanza, kwa kuwa haina malipo na inafanya kazi katika Windows, Linux na macOS. Windows Pro ina ya kwake ndani yake, Hyper-V, na Linux ina KVM. Pakua faili la ISO, yaani diski ya kusakinishia iliyo katika umbo la faili, la mfumo unaoutaka kutoka tovuti ya watengenezaji wake, si kwingineko.

Sasa tufike kwenye kumbukumbu, mahali panapohitaji uangalifu kuliko pote. Kompyuta yenye GB 8, ikiwa imewashwa na kivinjari kimefunguliwa, huenda tayari inatumia nusu ya kumbukumbu hiyo. Kwa hiyo mgeni mpe GB 2, au 3 kwa shida, na umchagulie Linux nyepesi. Windows 11 yenyewe inadai angalau GB 4, diski ya GB 64 na TPM 2.0 (kijenzi cha usalama), nami sishauri kuisakinisha ndani ya mwenyeji mwenye chini ya GB 16. Ukizidisha kiasi, mwenyeji huanza kuhamishia kumbukumbu yake kwenye diski: kishale cha kipanya kinakwama, taa ya diski haizimiki, na mifumo yote miwili inakuwa mizito kwa pamoja. Viini vya prosesa (cores) navyo usimpe mgeni vyote; nusu ya viini vilivyopo inatosha.

Kwa diski ya mgeni, ambayo kwa mwenyeji ni faili tu, chagua ile inayokua kadiri inavyojazwa. Hata hivyo, fahamu kwamba ukifuta mafaili ndani ya mgeni, faili la diski hiyo kwa mwenyeji halipungui lenyewe, na diski halisi ikijaa, mgeni husimama katikati ya kazi. Mtandao uache kwenye NAT, mpangilio ambao humpa mgeni intaneti kupitia mwenyeji bila kumwanika kwa vifaa vingine. Mpangilio wa Bridged utumie pale tu unapotaka mgeni apate anwani yake kutoka kwenye ruta. Baada ya kusakinisha mfumo, weka Guest Additions, programu saidizi za VirtualBox kwa ajili ya mgeni, ili skrini ikae vizuri.

Kabla ya kila jaribio lenye hatari, piga snapshoti, yaani hifadhi hali ya mgeni ilivyo wakati huo. Kuanzia hapo mabadiliko huandikwa katika faili jingine linaloitegemea diski ya mwanzo, na ndiyo maana snapshoti si nakala rudufu. Mimi mwenyewe nilifuta faili moja kubwa nililodhani ni la zamani, nikaipoteza mashine nzima pamoja na snapshoti zake 6, kwa sababu zote zilisimama juu ya faili hilo. Snapshoti usizozihitaji zifute kwa kutumia VirtualBox yenyewe, kamwe si kwa kuingia katika folda. Nakala rudufu ya kweli hupatikana kwa kumzima mgeni kabisa, kisha kunakili folda yake yote kwenye diski ya nje.