Maganda ya kamba kwenye viroba vyangu vya nyanya

Ukivuka kwa pantoni kutoka Feri kuja Kigamboni saa tatu asubuhi, ukamwona mama na ndoo yake huku watu wamemwachia nafasi pande zote, huyo ni mimi. Ndani mna maganda ya kamba. Kijana mmoja aliwahi kuniuliza, "Mama, humo umebeba marehemu?" Nikamwambia ni dawa ya nyanya. Hakuamini, na kwa harufu ile simlaumu.

Maganda nayapata bure kwa wanaomenya kamba pale soko la samaki. Chukua ya siku hiyohiyo, na vichwa waachie. Ndivyo vinavyobeba utumbo na ndivyo vinavyowahi kuoza.

Ganda la kamba lina mambo makubwa matatu: chokaa, protini na kitini. (Ndiyo, jina kama vile unaambiwa ukae.) Kitini ni nyuzi ndefu za sukari yenye naitrojeni ndani yake. Ndiyo inayoshikilia gamba la kaa na bawa la mende, na hata uyoga unayo. Tena Mfaransa Henri Braconnot aliitoa kwenye uyoga, mwaka 1811, kamba hakuwagusa. Ukitaka kuiona, tumbukiza ganda moja kwenye siki usiku. Litatoa mapovu, chokaa inayeyuka hiyo, na asubuhi utakuta umbo ni lilelile ila ganda limelegea, unalikunja utakavyo. Chokaa ilikuwa zege. Iliyobaki mkononi ni nondo.

Bustanini siki haina kazi. Suuza maganda kwa maji ya bomba mara tatu chumvi iishe, kisha yaanike juu ya wavu, mahali paka hafiki. Jua la Januari linayamaliza kwa siku mbili. Masika usijaribu, utafuga funza. Yakianza kuvunjika kwa vidole, yatwange mpaka yawe kama chenga za mchele. Tafuta kinu kilichostaafu, si kile cha kisamvu, na ufunge kitambaa puani. Mwenye mzio wa kamba kazi hii amwachie mwingine.

Kipimo changu ni kikombe kimoja cha chai kwa udongo wa ndoo ya lita 20. Changanya, lowesha, jaza kiroba, halafu usipande kitu kwa wiki nne.

Hizo wiki nne ndiyo kazi yenyewe. Mara ya kwanza nilipandikiza miche jioni ileile kwa kiherehere. Ndani ya siku chache majani yakaungua pembeni, nikapoteza viroba kumi na mbili. Bakteria wanapokula maganda hutoa amonia, na mzizi mchanga hauiwezi. Baadaye amonia hiyo hugeuzwa chakula cha mmea. Wewe subiri tu.

Na kwa nini nijisumbue hivi wakati samadi ipo? Kwa sababu ya minyoo fundo, vile viminyoo vya udongoni vinavyoingia kwenye mizizi. Nilikuwa nang'oa mnyanya uliodumaa nakuta mizizi ina vinundu kama shanga. Ganda la yai la mnyoo huyo nalo lina kitini. Ukimwaga maganda udongoni, vijidudu vinavyokula kitini huongezeka, na kimeng'enya chao hakichagui: kinachomeng'enya ganda la kamba kinatoboa na yai la mnyoo. Amonia nayo inasaidia kuua. Kwangu vinundu vimepungua, havijaisha, kwa hiyo udongo uliotoka nyanya bado naupa mchicha au mahindi kwanza, bilinganya hapana, maana nayo mnyoo huyo huishambulia.

Jirani yangu alisikia kuhusu kitosani, ile inayotiwa hata kwenye bandeji za kuzuia damu, akataka tuitengeneze. Hutengenezwa kwa kuchemsha kitini ndani ya sodiamu haidroksaidi kali sana, yaani ile inayozibua mabomba. Tone moja la moto likiruka machoni, basi. Nilimkatalia.

Ndoo ya kubebea iwe ya rangi, yenye mfuniko wa kubana. Ile yangu ya kwanza ilifunguka tukiwa katikati ya maji, na kwenye pantoni huna pa kujificha.