Kufuatilia ukoo wa Theodore Schultz, mwanauchumi wa kilimo

Theodore W. Schultz, mshindi wa Nobel ya uchumi mwaka 1979, alizaliwa tarehe 30 Aprili 1902 shambani karibu na Arlington, jimbo la South Dakota, Marekani, katika familia ya Walutheri wenye asili ya Kijerumani. Anayetafuta ukoo wake asikimbilie Ujerumani. Schultz huko ni kama Juma huku Pwani, tena huandikwa pia Schulz, Schulze au Schultze. Vitabu vya ubatizo hutunzwa kwa usharika. Bila jina la kijiji utazunguka tu.

Anza na sensa ya 1910. Iliandika umri wa mtu siku ya 15 Aprili, kwa hiyo Theodore ana miaka 7. Ukimtafuta wa miaka 8 utampita. Ya 1920 ilihesabu kwa 1 Januari: miaka 17. Arlington iko kwenye mpaka wa kaunti za Kingsbury na Brookings, basi pekua zote mbili.

Kisha chukua kadi za sensa ya jimbo ya 1915. Zina jina la ukoo la mke kabla ya kuolewa, pamoja na dhehebu. Jina hilo utalihitaji: Theodore ni kifungua mimba, hivyo huenda wazazi wake, Henry na Anna, walikuwa hawajaoana mwaka 1900. Katika sensa ya mwaka huo watafute kila mmoja kwao.

Cheti cha kuzaliwa kisikupotezee muda. South Dakota ilianza kuandikisha vizazi mwaka 1905. Cha mtu wa 1902 kikiwepo, kiliandikwa baadaye kwa ushahidi wa watu. Rekodi ya ubatizo ina uzito zaidi.

Sensa ya 1890 karibu yote ilipotea baada ya moto wa 1921. Pengo hilo huzibwa na hati za ardhi. Sheria ya 1862 ilimpa mlowezi ekari 160 baada ya kuishi na kulima miaka 5. Tafuta hati miliki kwa jina kwenye tovuti ya idara ya ardhi ya serikali kuu, nakili namba za kipande, kisha agiza faili kamili kutoka Nyaraka za Taifa, Washington. Hati yenyewe ni ukurasa mmoja mkavu. Utamu uko kwenye faili: kauli za mashahidi, ukubwa wa nyumba, ekari zilizolimwa, na kwa mhamiaji, karatasi za uraia.

Hakuna hati? Huenda shamba lilinunuliwa kwa mtu mwingine. Nenda kwa msajili wa hati wa kaunti. Wa Kingsbury yuko De Smet.

Kijiji cha Ujerumani mara nyingi hujitokeza kwenye kitabu cha mazishi cha usharika, si kwenye sensa, ambayo kwa kawaida huandika “Ujerumani” basi.