Bustani ya kiangazi huanza mvua zikiwa bado zinanyesha

Ukitaka mboga Januari, sia mbegu za sukuma wiki kitaluni mwanzoni mwa Novemba. Miche ya wiki nne ihamishie bustanini kabla mvua hazijakatika, ili mizizi ishike kabla ya jua kali la kiangazi.

Usiinue tuta. Kiangazi tuta hukauka upesi. Badala yake chimba jaruba, mita 1 kwa 5, uso wake uwe chini ya ardhi kwa sentimita 15, ili maji yasitoroke. Changanya samadi iliyooza, ndoo mbili kwa kila mita. Samadi mbichi ya kuku huunguza mizizi, na wengi husingizia jua! Panda mistari miwili, sentimita 60 kati yake, mche hadi mche 45: unapata miche 22. Tandaza nyasi kavu, zisiguse shina, la sivyo litaoza.

Dumu moja la lita 20 kila jioni linatosha jaruba hilo. Nakati (mboga ya majani ya jamii ya nyanya chungu) na dodo (mchicha) zipewe jaruba lao. Nyanya usizipande palipokuwa na nakati au entula (nyanya chungu). Ni ukoo mmoja, na ugonjwa wa mnyauko hubaki udongoni.