Kero ya Mtaa: Ipitie Wapi Hadi Imfikie Mbunge

Hapa Tabata, Dar es Salaam, kero ikitubana, wengi wetu tunakimbilia namba ya simu ya mbunge. Mimi ni mjumbe wa kamati ya mtaa, na anayenijia na shida ya barabara huwa namuuliza kwanza: hiyo barabara ni ya nani? Barabara ya Mandela ni ya TANROADS, wakala wa barabara kuu. Za ndani ya mitaa, pamoja na mitaro yake, ni za TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini. Maji ya bomba ni DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam.

Ukishajua, mwombe mwenyekiti wa mtaa aiweke kwenye ajenda ya mkutano wa wakazi. Hapa msiharakishe. Muhtasari utaje mahali hasa: "mtaro umeziba kuanzia msikitini hadi kivukoni", siyo "mtaa una shida ya maji". Ambatanisheni orodha ya waliohudhuria, na wapangaji wamo, maana diwani na mbunge ni wa kwao pia. Picha zipigwe wakati wa masika. Mtaro mkavu wa mwezi wa nane haumshtui mtu.

Muhtasari upelekeni kwa mtendaji wa kata. Yeye ndiye katibu wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, na mwenyekiti wake ni diwani. Nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa, tafadhali sana! Kuna ofisi iliwahi kutuambia barua yetu haikufika, tukatoa nakala yenye muhuri, mabishano yakaishia hapo.

Diwani ataipeleka kwenye baraza la madiwani. Baraza hukutana kila robo mwaka na mwananchi anaruhusiwa kuingia kusikiliza. Nendeni hata watatu, diwani awaone.

Sasa mbunge. Hakikisha kwanza jimbo lako. Ndani ya Halmashauri ya Jiji, yaani wilaya ya Ilala, tuna majimbo ya Ilala, Segerea, Ukonga na Kivule, lililomegwa kutoka Ukonga mwaka 2025. Sisi Tabata tuko Segerea. Mbunge ni mjumbe wa baraza hilohilo la madiwani, kwa hiyo kero iliyopita kata haitakuwa ngeni kwake.

Ana njia mbili zaidi. Ipo fedha ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2009, na kamati yake anaiongoza yeye. Huo uombeni kalvati au mabati ya darasa, lami ni mzigo mkubwa mno kwake. Njia ya pili ni bungeni Dodoma, ambako anaweza kumuuliza swali Waziri wa TAMISEMI (tawala za mikoa na serikali za mitaa), maana TARURA iko chini yake, au kuchangia mjadala wa bajeti. Bunge la bajeti hukaa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, kwa hiyo karatasi zenu zifike ofisi ya jimbo mapema, Januari au Februari. Mkichelewa, mkabidhini katibu wa mbunge, naye asaini kuwa amepokea.