Jinsi ya Kuchagua Kliniki ya Urembo na Matibabu ya Ngozi Karibu na Unapoishi

Nimefanya kazi kwa miaka mingi katika chumba cha matibabu ya ngozi, na wagonjwa walionisumbua akili kuliko wote ni wale waliokuja kutoka kliniki nyingine wakiwa na madoa au makovu waliyoyagharimia wenyewe. Wengi walikuwa wamechagua kwa kutazama picha, bei na ukaribu. Ukaribu una maana, kwa sababu matibabu mengi hurudiwa na tatizo likitokea utahitaji kurudi upesi, lakini uutumie mwishoni, kuamua kati ya kliniki zilizovuka hatua zifuatazo.

Hatua ya 1: Eleza tatizo, usiagize tiba. Anayeingia akisema "nataka leza" amejiandikia dawa kabla ya kupimwa. Doa jeusi usoni linaweza kuwa alama ya chunusi, melasma (mabaka ya kahawia yanayojitokeza usoni), madhara ya krimu ya kujichubua au, kwa nadra, saratani ya ngozi, na leza isiyofaa huweza kuifanya melasma iwe nyeusi zaidi. Doa linalobadilika umbo au rangi, au kidonda kisichopona, kionwe kwanza na daktari wa ngozi.

Hatua ya 2: Hakiki mtu atakayekushika. Usiridhike na jina la mwenye kliniki. Uliza jina kamili la atakayeshika sindano au mashine, kisha ulitafute katika rejista ya mamlaka inayosajili taaluma yake. Cheti cha mafunzo ya siku mbili kutoka kwa muuzaji wa mashine si leseni, hata kikiwekwa kwenye fremu ya dhahabu.

Hatua ya 3: Pima maswali unayoulizwa. Hapa ndipo mimi ningetumia muda mwingi kuliko pengine pote. Kabla ya kukugusa, mtaalamu anapaswa kujua kama una mimba au unanyonyesha, dawa unazotumia, kama vidonda vyako huacha makovu yanayovimba, kama hutokwa na malengelenge mdomoni, na kama umewahi kutumia mkorogo. Mtu anayeficha mkorogo kwa aibu anajiumiza, lakini mtaalamu asiyeuuliza ana kosa kubwa zaidi.

Anapaswa pia kutambua aina ya ngozi yako. Kipimo kinachotumika sana kilianzishwa na daktari Thomas Fitzpatrick wa Marekani mwaka 1975, na leo kina aina 6, kuanzia ngozi nyeupe inayoungua upesi juani hadi ngozi nyeusi sana. Sababu yake ni hii: melanini, yaani rangi ya ngozi, hufyonza mwanga wa leza, kwa hiyo mwanga uliokusudiwa kuua shina la nywele unaweza kuiunguza ngozi nyeusi ya juu kabla haujafika shinani. Kwa kuondoa nywele kwenye ngozi nyeusi, leza ya Nd:YAG yenye urefu wa wimbi wa nanomita 1064 huwa salama zaidi, kwa kuwa melanini huufyonza mwanga huo kwa kiasi kidogo na wenyewe hupenya ndani zaidi. Uliza wanatumia leza gani kwa ngozi kama yako, na kama watafanya kwanza jaribio kwenye sehemu ndogo iliyofichika. Anayekujibu kwamba mashine yake inafaa kwa kila mtu hajakujibu.

Kliniki ninayoiamini ni ile iliyo tayari kukuambia kwamba unachokitaka hakikufai, ingawa kwa kusema hivyo inapoteza malipo.

Hatua ya 4: Uliza kuhusu siku mbaya. Chukulia mfano wa sindano za kujaza midomo au mashavu. Dawa ikiingia ndani ya mshipa wa damu huweza kuuziba, ngozi ikapauka, ikauma sana na hatimaye kufa. Mara chache mtu hupofuka. Kijazio cha asidi ya haialuroni huyeyushwa kwa kimeng'enya kiitwacho haialuronidezi, ambacho hakina budi kuwapo pale pale sindano inapochomwa, wala si cha kuagizwa baada ya ajali. Omba uonyeshwe. Mimi huwafungulia wagonjwa kabati, na sijawahi kuona sababu ya kuudhika. Kisha uliza ni nani atakayepokea simu yako usiku, na ni daktari gani utakayepelekwa kwake mambo yakiwazidi.

Hatua ya 5: Kagua dawa. Kichupa kifunguliwe mbele yako, nawe usome jina, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi, ambavyo viandikwe kwenye faili lako. Kataa krimu iliyochanganywa na kutiwa katika kopo lisilo na lebo. Nyingi za aina hiyo zimekutwa na zebaki, inayodhuru figo, au steroidi kali, ambazo zikitumiwa muda mrefu huifanya ngozi iwe nyembamba. Ukishauriwa sindano za glutathioni za kung'arisha mwili, fahamu kwamba mamlaka ya dawa ya Marekani haijaidhinisha sindano yoyote kwa kazi hiyo.

Hatua ya 6: Picha, bei na karatasi ya ridhaa. Picha za kabla na baada zina maana tu zikipigwa kwa mwanga na pembe ileile, bila vipodozi, na kwa watu wenye ngozi inayofanana na yako. Bei itajwe kwa matibabu yote pamoja na ziara ya ufuatiliaji, na punguzo linaloisha leo jioni liache liishe. Karatasi ya ridhaa iombe uende nayo nyumbani, uisome polepole, uandike maswali pembeni, na uisaini siku nyingine baada ya kujibiwa. Zikibaki kliniki mbili zilizokuruhusu kufanya hivyo, chagua iliyo karibu.